Chai ya Mgeni katika Chumba cha Futi Kumi kwa Kumi

Chai ya mgeni ni chai inayopikwa kwa sababu mtu amebisha hodi. Riruta na Kawangware, magharibi mwa Nairobi, watu huitofautisha na chai ya asubuhi, inayonywewa wima kabla ya kukimbilia matatu ya namba 46, na huitofautisha pia na chai ya saa nne ambayo watu wa mjengo hununua kibandani pamoja na mandazi mawili. Majani ni yale yale na maziwa ni yale yale. Lakini chai ya mgeni ina mwenyeji, ina vyombo vyake, ina mpangilio wa nani atangulie na nani angoje, na ina makosa ambayo mtu akiyafanya hujadiliwa akishavuka lango. Nchi iliyolifikisha jambo hili mbali kuliko zote ni Japani, ambako kumwandalia mgeni chai kumekuwa sanaa yenye walimu, shule na vyeti, iitwayo chanoyu. Mtu akiziweka desturi hizi mbili sambamba, huanza kwa kuona kwamba vyumba vyake vinakaribia kulingana kwa ukubwa.

Chumba cha kupanga cha kawaida huku ni futi kumi kwa kumi, yaani mita tatu na kidogo kila upande. Kipimo hicho kilitokana na historia ya ardhi. Dagoretti ilikuwa ardhi ya Wakikuyu nje ya mji mpaka mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa mwaka 1963, na mashamba yake yalikuwa na hati kwa majina ya watu na familia. Ndiyo maana Kawangware haikukua kama Kibera, ambako ardhi ilihesabiwa kuwa ya serikali. Hapa mwenye shamba, au mwanawe aliyerithi kipande, alijenga safu za vyumba vya mabati, mbao au mawe, akawapangisha waliotoka Magharibi, Nyanza, Ukambani na Murang'a kuja kutafuta kazi. Vyumba hutazamana kwenye ujia mmoja, vinatumia bomba moja na vyoo vya pamoja. Watu huiita ploti, na mwenye ploti hupata kodi zaidi kadiri anavyoongeza milango.

Ndani ya futi hizo kumi mna nyumba nzima. Kitanda kiko nyuma ya pazia. Mbele ya pazia kuna makochi yaliyovikwa vitambaa vya kufumwa kwa mkono, kabati lenye glasi na vikombe visivyoguswa siku za kawaida, televisheni, na stuli ndogo zilizopangwa moja juu ya nyingine zikimngoja mgeni. Jikoni ni kona tu: meko ya gesi au jiko la mafuta taa, mitungi ya maji ya lita ishirini, na sufuria zilizosuguliwa kwa nje mpaka zinang'aa, kwa kuwa sufuria nyeusi ni aibu ya mwenye nyumba. Kati ya anayepika na anayengoja kuna hatua mbili. Mgeni anaona maziwa yakimiminwa na anaona ni kiasi gani. Naye anayepika anajua kwamba anaonwa.

Kupika mbele ya macho ya mgeni ndiko kiini cha chanoyu pia. Chumba cha sherehe hiyo hupimwa kwa mikeka ya tatami, na kipimo cha msingi ni mikeka minne na nusu, karibu futi tisa na nusu kila upande. Aliyekipunguza zaidi ni Sen no Rikyu, mtoto wa mfanyabiashara wa mji wa bandari wa Sakai, aliyezaliwa mwaka 1522. Kibanda cha Taian, kinachohesabiwa kuwa kazi yake na ambacho bado kimesimama katika hekalu la Myokian, kati ya Kyoto na Osaka, kina mikeka miwili tu, mwenyeji na mgeni wakikaribiana magoti kwa magoti. Kuta zake ni za udongo uliochanganywa na nyasi kavu, na madirisha ni madogo ili mwanga uwe hafifu. Rikyu alikuwa akiiga nyumba za wakulima.

Hapo msomaji wa Kawangware ana haki ya kuguna. Rikyu alikuwa mwalimu wa chai wa Oda Nobunaga, kisha wa Toyotomi Hideyoshi, wababe waliokuwa wakiiunganisha Japani kwa upanga. Hideyoshi huyohuyo alitengenezewa chumba cha chai cha kubebeka kilichofunikwa kwa dhahabu, akakipeleka ikulu ya Mfalme mwaka 1586. Vyombo vilikuwa na thamani ya kutisha: mwaka 1568 Matsunaga Hisahide alisalimu amri kwa Nobunaga kwa kumkabidhi kikebe cha kutilia unga wa chai, chombo kinachoenea kwenye kiganja. Umaskini wa Taian, kwa hiyo, ulichaguliwa na watu waliokuwa na njia nyingine. Mpangaji wa ploti hakuchagua chochote. Alichukua chumba ambacho mshahara wake ulifikia. Kulinganisha vyumba hivi viwili bila kusema hilo ni kumdhihaki. Likishasemwa, mfanano unaobaki ni wa kweli: katika nafasi ndogo hivyo hakuna tendo lisiloonekana, na pande zote mbili zimelazimika kutunga adabu ya kila tendo, tangu jinsi ya kuingia mpaka jinsi ya kushika kikombe.

Riruta mgeni huingia kwa sauti. Mlango mchana huwa wazi, pazia limeshushwa, na mtu hapaswi kuligusa kabla ya kuitikiwa. "Hodi hapa!" "Karibu, ingia ndani." Wakati wa mvua ujia wa ploti huwa matope, kwa hiyo mgeni huinama kuvua viatu, mwenyeji humwambia aingie navyo tu, naye huvivua vilevile. Wote wawili wametimiza wajibu wao. Watoto waliokuwa wamejinyoosha kwenye kochi huambiwa wampishe mgeni, na televisheni hupunguzwa sauti, ijapokuwa ni nadra kuzimwa. Anayefahamika huitwa kwa jina la mtoto wake, Mama Njeri au Baba Wafula, na mzee wa Kikuyu akiingia huitwa guka, bibi kizee huitwa shosho, hata na wasio jamaa. Kisha mgeni hutangaza kwamba hatakaa, alikuwa anapita tu. Tangazo hilo halichukuliwi kwa uzito. Mwenyeji mwenye adabu hamuulizi mgeni kama atakunywa chai, kwa kuwa swali humlazimisha kukataa. Huiteleka sufuria huku mazungumzo yakiendelea, na mgeni hujifanya hajaona.

Mgeni wa chanoyu huingia kimya, naye amealikwa siku nyingi kabla. Hupitia bustani ndogo yenye mawe ya kukanyaga, huchutama kwenye birika la mawe kunawa mikono na kusukutua mdomo, halafu huingia kwa kutambaa kupitia kilango chenye upana wa sentimita 66 hivi. Kilango hicho kilimlazimu hata samurai ainamishe kichwa, na upanga wake ulibaki nje kwenye rafu, chini ya paa. Akishaingia, la kwanza ni kwenda kuangalia karatasi ndefu yenye maandishi ya wino iliyotundikwa kwenye kijishubaka cha heshima, pamoja na ua moja au mawili chini yake. Mwenyeji ameyachagua kwa ajili ya siku hiyo tu.

Ukutani kwa mpangaji wa Riruta pia kuna kitu cha kuangaliwa: kalenda iliyotolewa bure na duka au kanisa, picha ya mahafali ya mtoto wa kwanza ndani ya fremu, aya ya Biblia iliyotariziwa. Mgeni asiyeitazama picha ya mahafali na kuuliza siku hizi huyo kijana yuko wapi amekosa adabu, ijapokuwa hakuna aliyemfundisha hivyo kwa maneno.

Moto na maji hugharimu pesa pande zote mbili, lakini kwa namna tofauti. Katika chanoyu kamili, inayoweza kuchukua saa nne pamoja na mlo, kupanga makaa ni sehemu ya sherehe yenyewe: wageni husogea karibu kutazama vipande vya mkaa vilivyokatwa kwa urefu maalumu vikiwekwa kimoja kimoja. Kuanzia Novemba hadi Aprili birika la chuma hukaa kwenye shimo la moto lililochimbwa sakafuni ili wageni wapate joto. Kuanzia Mei hadi Oktoba moto huhamishiwa kwenye jiko la kubebeka, mbali kidogo nao. Riruta moto huamua urefu wa maongezi. Gesi huchemsha sufuria kabla habari za nyumbani hazijaisha, wakati jiko la makaa huwapa watu muda mrefu. Maji hununuliwa kwa mtungi siku bomba la ploti likiwa kavu, na siku hizo ni nyingi.

Majani ndiyo yaliyosafiri safari isiyo ya kawaida. Mche wa chai wa Kenya na wa Japani ni wa jamii moja, Camellia sinensis, lakini Kenya hupandwa zaidi aina ya Assam yenye majani mapana. Miche ya kwanza ilipandwa Limuru na ndugu wa ukoo wa Caine mwaka 1903, kiasi cha kilomita ishirini na kitu kutoka Riruta ya leo. Mwaka 1918 Arnold Butler McDonell naye alipanda chai hukohuko Limuru, kwenye shamba la Kiambethu, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likipokea watalii wanaokuja kuelezwa habari za chai na kunywa kikombe bustanini. Kilimo kikubwa kilianza miaka ya 1920, kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipofungua mashamba Kericho. Mwafrika alifanya kazi humo ya kuchuma. Kupanda chai yake mwenyewe hakuruhusiwa mpaka miaka ya 1950, na kiwanda cha kwanza cha wakulima wadogo kilifunguliwa Ragati, Nyeri, mwaka 1957. Halmashauri ya kustawisha chai ya wakulima hao, KTDA, iliundwa mwaka 1964, na leo zaidi ya wakulima laki tano huuza majani mabichi kupitia viwanda vyake. Mnada uliokuwa ukifanyika Nairobi ulihamia Mombasa mwaka 1969. Humo ndimo Pakistan, Misri na Uingereza hununulia. Chini ya sehemu moja ya kumi ya chai yote ya Kenya hunywewa Kenya. Majani yanayofika kwenye duka la Riruta yamepakiwa kwa paketi ndogo ndogo ili yanunulike kwa sarafu, mara nyingi Fahari ya Kenya ya kampuni ya KETEPA.

Ladha ya chai ya Riruta ilianzia kiwandani. Karibu chai yote ya Kenya hupitishwa kati ya roli zenye meno zinazosaga, kuchana na kukunja jani mpaka liwe chembe ndogo nyeusi, ufundi uliobuniwa Assam miaka ya 1930. Chembe hizo hutoa rangi upesi na ukali usiozimwa na maziwa. Mtaalamu wa chai wa Ulaya angezitia maji ya moto dakika tatu na kuzichuja. Mpishi wa Kawangware huzichemsha pamoja na maziwa, kwa namna iliyozoeleka pia katika nyumba za Wahindi wa Afrika Mashariki, nazo zinastahimili. Jani zuri la Kijapani lingeharibika hapo hapo.

Jani la Kijapani la chanoyu hutendewa kinyume kabisa. Wiki tatu au nne kabla ya kuchumwa, mti hufunikwa kivuli ili jani libaki kijani kibichi na ladha yake isiwe chungu sana. Likishachumwa hufukizwa kwa mvuke, hukaushwa, huondolewa mishipa, kisha husagwa kwa jiwe polepole. Kinu kimoja hutoa gramu arobaini hivi kwa saa. Unga huo ni matcha. Haupikwi wala hauchujwi. Gramu mbili hivi hutiwa kwenye bakuli, humiminiwa maji ya moto yasiyochemka, kisha hupigwa kwa kifagio cha mwanzi mpaka povu lipande. Mnywaji hulimeza jani zima. Desturi hiyo ilitoka China: mtawa Eisai alirudi nayo mwaka 1191 pamoja na mbegu, na mwaka 1211 akaandika kitabu kinachoisifu chai kama dawa.

Kwenye kona ya jiko la Riruta kazi ni ya kuangalia. Maji na maziwa huingia pamoja, nusu kwa nusu, au maziwa yakazidi mgeni akiwa wa heshima; mtoto amekwisha kutumwa na chupa kwenye mashine ya maziwa, inayopima kulingana na pesa. Kipande cha tangawizi hupondwa kwa kitako cha kikombe. Majani hutiwa kwa kukadiria, moja kwa moja kutoka kwenye paketi, mchanganyiko ukianza kutoa mapovu pembeni. Kisha hakitazamwi kitu kingine. Chai ya maziwa hupanda ghafla, na ikimwagika huzima moto, huchafua meko na hupoteza maziwa ambayo hakuna mengine. Mpishi huinua sufuria kabla povu halijafika ukingoni, huliacha lishuke, huirudisha, mara mbili au tatu. Huchota kwa kikombe na kumwaga kutoka juu ili aione rangi dhidi ya mwanga wa mlangoni. Ikiwa bado imepauka, majani huongezwa. Rangi ikikubali, huchujwa ndani ya chupa ya chai na kifuniko hukazwa. Mafundi wa chanoyu wanaposema kwamba mwenyeji asiwe na mwendo hata mmoja wa ziada, wanaeleza kitu ambacho mama mwenye sufuria moja na maziwa ya shilingi hamsini hufanya bila nadharia.

Chai huwa tayari kabla ya mikono. Mdogo kuliko wote nyumbani huleta jagi la maji ya vuguvugu, beseni na taulo begani, huinama mbele ya kila mgeni, akianza na mkubwa. Stuli husambazwa, moja kwa kila mtu, na kila moja hupewa kitambaa chake. Ndipo vikombe hutoka kabatini. Vina visosa, au ni vikubwa vya udongo vyenye maua, na mara nyingi havikamiliki seti: viwili vilivunjika na mwenyeji atanywea kikombe cha plastiki bila kusema lolote. Watoto hupewa vikombe vya bati huko kitandani nyuma ya pazia. Mtu mmoja huombwa aombe, na sala ya chai huweza kuwa ndefu kuliko chai, hasa kama aliyeombwa ni mtu wa kanisa.

Kikombe hujazwa karibu na ukingo. Kikombe cha nusu ni ishara ya uchoyo au ya kumharakisha mtu. Kinachosindikiza hutegemea mwezi umefika wapi: mkate uliopakwa Blue Band, mandazi, chapati iliyobaki jana na kupashwa moto, katika nyumba ya Kikuyu nduma au ngwaci, yaani viazi vitamu, vya kuchemsha, na Jumapili yai. Mgeni hula na kunywa kwa pamoja. Sukari zamani ilikuwa ikitiwa kwenye sufuria, nyingi. Sasa ugonjwa wa kisukari umeiletea bakuli lake, na mwenyeji huuliza. Kikombe kikifika robo huongezwa, na anayetosheka hufunika kikombe kwa kiganja na kushukuru. Anayekataa tangu mwanzo ana visingizio viwili tu vinavyokubalika, kufunga na kuumwa tumbo. Siku maziwa hayapo hupikwa chai ya mkandaa, naye mwenyeji huomba radhi mara mbili au tatu wakati anaimimina.

Mgeni wa Kawangware akialikwa chanoyu angeshangazwa kwanza na bakuli. Limejaa theluthi tu, na hakuna kuongezewa bila utaratibu. Kitamu huliwa kabla, chote, ili ukali wa chai ukute mdomo mtamu. Kabla hajaligusa, mwenyeji amekunja kitambaa cha hariri kwa mikunjo maalumu, amekipangusia kikebe na kijiko cha mwanzi vilivyokuwa safi tayari, amesuuza bakuli na kifagio mbele ya wote. Bakuli huwekwa upande wake mzuri ukimwelekea mgeni. Mgeni humwomba radhi anayefuata kwa kumtangulia, humshukuru mwenyeji, huliweka bakuli kwenye kiganja cha kushoto, na katika shule ya Urasenke huligeuza mara mbili kwa mwelekeo wa saa ili asiuguse kwa midomo ule upande mzuri. Hunywa kwa mafunda matatu na nusu, na la mwisho hulifyonza kwa sauti, mwenyeji ajue chai imekwisha. Hapo angalau wazee wa Riruta wangekuwa nyumbani. Katika chai nzito, ambayo ni kilele cha mkutano, bakuli moja huzunguka kwa wageni wote, kila mmoja akipangusa mahali aliponywea.

Viungo vya mwili navyo hupata shida. Katika chanoyu, kukaa juu ya visigino kwa saa nzima huwatia ganzi hata Wajapani vijana. Mwaka 1872, Kyoto ilipoandaa maonyesho yaliyotarajiwa kuvuta wageni wa kutoka nje, mkuu wa Urasenke wa wakati huo, Gengensai, alibuni namna ya kuandaa chai kwa meza na viti. Mabadiliko makubwa kama hayo katika sanaa ya kihafidhina yaliletwa na mgeni asiyeweza kupiga magoti.

Kwenye maongezi ndipo desturi hizi mbili zinapoachana kabisa. Katika chanoyu mgeni mkuu peke yake huzungumza kwa niaba ya wenzake, naye huuliza kuhusu vitu vilivyomo chumbani: bakuli ni la tanuri gani, kijiko kilichongwa na nani na kina jina gani. Siasa, deni na ugonjwa havitajwi. Riruta hakuna anayeuliza kikombe kilitoka wapi. Huanza mvua na bei ya unga, hufuata watoto, halafu nyumbani mashambani, nani amezikwa na nani ameuza ng'ombe. Jambo lililomleta mgeni halitajwi mpaka kikombe cha kwanza kiwe kimeisha. Anayekuja kukopa, kuposa, kupatanisha au kudai hujua hivyo, na mwenyeji pia anajua kwamba kuna jambo. Chai huwapa wote nafasi ya kujiandaa. Mwenye ploti anayekataa chai ya mpangaji aliyechelewesha kodi amekwisha kutoa jibu.

Kujifunza nako kunatofautiana. Nyumba tatu zilizotokana na kizazi cha Rikyu, Omotesenke, Urasenke na Mushakojisenke, hufundisha kwa ngazi na vibali, na mtu anaweza kwenda darasani kila wiki kwa miaka ishirini bila kujiita bingwa. Riruta mtoto hutumwa majani, kisha hutumwa kuangalia sufuria isimwagike, kisha siku moja mama hayupo na mgeni amefika. Wavulana waliokuja mjini peke yao hujifunza wakubwa, kwa kuunguza. Hakuna cheti, ila kuna mtihani, na wake wapya wanaufahamu: chai ya kwanza wanayompikia mama mkwe huonjwa mbele ya watu.

Watu wakizidi chumba, chai hutoka uani. Chama cha akina mama kinachokutana kwa zamu humpa kila mwanachama siku yake ya kuonyesha mkono wake, na ushindani wa kimyakimya wa mandazi hujulikana na wote. Matanga hayana ushindani. Kwa usiku kadhaa kabla ya maiti kusafirishwa Vihiga au Siaya, majirani hukusanyika kuchanga pesa za gari na jeneza, na sufuria kubwa ya kuazima hukaa juu ya mawe matatu. Chai huwa nyepesi, yenye sukari nyingi, na vikombe huazimwa mlango kwa mlango. Japani nayo ilijaribu chai ya umati. Mwaka 1587 Hideyoshi aliwaalika watu wote Kitano, Kyoto, hata wakulima, kila mtu aje na birika na bakuli lake. Ilikuwa iendelee siku kumi. Ikafungwa baada ya moja. Miaka minne baadaye alimwamuru Rikyu ajiue, kwa sababu ambazo wanahistoria hawajakubaliana.

Kuondoka kwa mgeni wa chanoyu ni kwa kuinamiana. Wageni hutoka kwa kilango kilekile, hugeuka, mwenyeji hukifungua tena na kuwatazama wakipita bustanini bila neno. Siku inayofuata mgeni mkuu huenda au huandika kushukuru, na hilo nalo ni sehemu ya sherehe. Riruta mgeni huaga akiwa ameketi, huaga tena akisimama, na huaga mara ya tatu mlangoni, ambako mara nyingi ndiko jambo lenyewe humalizwa kuzungumzwa. Mwenyeji huvaa kandambili na kumsindikiza, angalau mpaka lango la ploti, na kwa mgeni wa heshima mpaka Naivasha Road apate matatu. Shukrani haiandikwi, inalipwa mwenyeji wa leo atakapobisha hodi kwa mgeni wa leo. Na kama mgeni alikuja na sukari na paketi mbili za maziwa ndani ya mfuko, kama wengi wanavyofanya wakijua hali ya nyumba wanayoiendea, mfuko haurudi mtupu. Hutiwa parachichi, sukuma wiki, au mandazi yaliyobaki kwa ajili ya watoto.